Nani anatia maji kwenye maziwa? Nilivyotumia ANOVA kumtafuta mwizi wa kikundi chetu kule Lukozi

Wakuu, habari zenu popote mlipo, mlioko ofisini mkijifanya mna kazi na mlioko nyumbani mkisubiri umeme urudi.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kifuani na sina wa kumwambia. Nilichobadilisha ni majina ya watu tu. Atakayeona natunga, ni chai tu, aiache ipoe, sitagombana na mtu.

Naomba mnivumilie kidogo, kuna hesabu ndani. Ila sio hesabu za kutisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lushoto mjini. Nasoma shahada ya pili huku nafundisha, na somo lililonitoa jasho ni takwimu. Hasa ile kitu inaitwa ANOVA. Nilikuwa nakariri tu nifaulu, basi.

Halafu mjue tabia yangu. Mimi ni mtu wa mashaka. Nikinunua gunia la viazi nalimwaga lote nione vya chini. Mke wangu ananiita afande. Kwa hiyo hili jambo lilimkuta mtu wake.

Kwetu ni juu huko, upande wa Lukozi. Mama yangu anaishi kule na ng'ombe wake, na ni mwanachama wa kikundi cha maziwa cha kijiji.

Kikundi chenyewe kinaendeshwa hivi. Unapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Akizaa ndama jike wa kwanza, huyo ndama unamrudishia kikundi, anapewa mwanachama mwingine. Hapo ndipo ng'ombe anakuwa wako. Kabla ya hapo unamlisha, unamkamua, unampenda, lakini sio wako. Ukiharibu, kikundi kinamchukua.

Kila asubuhi wanachama wanateremsha maziwa kituoni. Pale yupo dada mmoja, Rehema, ndiye mpokeaji. Anapima kila ndoo kwa laktomita, kile kichupa cha kioo chenye shingo ndefu yenye namba. Unakitumbukiza kwenye maziwa, kikizama sana maana yake maziwa ni mepesi, kuna harufu ya maji hapo. Akimaliza anatuma vipimo vya wote kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anaona cha mwenzake.

Na mimi nimo kwenye hilo grupu kwa sababu ya mama. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo.

Sasa bwana, mnunuzi anayekuja na gari kuchukua maziwa akaleta maneno. Maziwa yenu mafuta yamepungua. Mkiendelea hivi tunawaacha.

Grupu likachafuka! Kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Watu waliokuwa wanateremka njia moja wakaanza kupishana. Wengine wakaanza kufunika ndoo zao kwa khanga mbili, sijui wanaogopa kuchunguliwa au kuwekewa maji na adui.

Mwenyekiti wetu, Mzee Athumani, akafanya kile ambacho wengi wangefanya. Akachukua vipimo vya kila mwanachama, akatafuta wastani, akapanga kutoka wa juu mpaka wa mwisho.

Wa mwisho akawa Mama Zuhura.

Akaandika kwenye grupu: kikao Jumapili baada ya adhuhuri, ajenda ni Mama Zuhura, na ikithibitika ng'ombe anarudi kikundini.

Mama Zuhura ni jirani ya mama. Mumewe yuko Muheza kwenye biashara ya machungwa, anapanda kuja nyumbani kwa nadra. Yeye ndiye baba na mama pale. Na ng'ombe wake, kwa bahati mbaya, alizaa dume. Kwa hiyo bado hajalipa ndama, ng'ombe bado ni wa kikundi. Mnaona anavyoning'inia huyu mama?

Akanipigia simu analia.

"Mwalimu, mimi sijatia maji hata tone. Wewe umesoma hesabu. Niambie, wa mwisho lazima awe mwizi?"

Wakuu, lile swali lilinichoma. Ni swali ambalo mhadhiri wangu alilizungushia maneno muhula mzima, na huyu mama kaliuliza kwa pumzi moja.

Lakini nikamwambia ukweli wangu pia, moyoni sio mdomoni: hata wewe sikuamini. Ndivyo nilivyo.

Nikaanza kuwapanga washukiwa wangu kichwani.

Wa kwanza Mzee Athumani mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu anayefuata kwenye foleni ya kupewa ng'ombe ni mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa. Ng'ombe wa Mama Zuhura akirudi leo, kesho anafungwa kwenye banda la mkwewe mzee. Nikasema ahaa, hapa kuna mchezo.

Wa pili Rehema. Yeye ndiye anashika laktomita. Nani anajua anaandika anachokiona au anachotumwa?

Wa tatu Mama Zuhura. Kulia kwenye simu sio ushahidi.

Nikakaa chini na simu yangu, nikavuta vipimo vyote vya kwenye grupu, kila mtu na safu yake. Nikasema leo hii ANOVA nitaielewa kwa lazima.

Sasa niwaeleze kwa lugha ya nyumbani, wataalamu mtanisamehe.

Ukitaka kujua kama kweli maziwa ya watu yanatofautiana, usiangalie wastani peke yake. Angalia vitu viwili.

Kimoja, wastani wa huyu umeachana kiasi gani na wa yule. Hiyo ni tofauti kati ya makundi.

Cha pili, huyuhuyu mtu mmoja, leo na kesho, anapanda na kushuka kiasi gani. Hiyo ni tofauti ndani ya kundi.

Halafu unagawa: ile ya kati kwa ile ya ndani. Jibu linaitwa F. Likiwa karibu na moja, maana yake tofauti mnayoipigia kelele ni ileile ya kawaida ambayo kila mtu anayo na nafsi yake. Likiwa kubwa sana, hapo sawa, kuna kitu.

Kwa nini tusiwalinganishe wawiliwawili tu, Mama Zuhura na fulani, fulani na fulani? Kwa sababu kila ulinganisho una nafasi yake ya kukudanganya. Ukiwapambanisha wanachama wote wawiliwawili, mwisho utampata "mwizi" hata kijiji kizima kikiwa na watakatifu. ANOVA inawauliza wote kwa pamoja, swali moja.

(Najua kuna mtu ataruka hapo chini kusema vipimo vya siku zinazofuatana havijitegemei. Mkuu, nakubali. Tulia, hadithi inaendelea.)

Nikapiga hesabu. F ikatoka ndogo, haina hata aibu.

Kwa maneno mengine, Mama Zuhura wa juzi na Mama Zuhura wa leo wanatofautiana zaidi kuliko Mama Zuhura na jirani zake. Siku mvua ikinyesha majani yana maji, kipimo kinashuka. Siku ya gulio ng'ombe anakula majani ya kabichi yaliyobaki sokoni, kipimo kinabadilika. Siku akikamua mwanawe badala yake, kinabadilika. Na wote wako hivyohivyo, wanapanda na kushuka. Yeye kawa wa mwisho kwa sababu ukiwapanga watu kwenye mstari, lazima mmoja awe wa mwisho. Kwisha.

Dah, nilifurahi. Nikataka kumpigia pale pale.

Ila lile shetani la mashaka likaniambia subiri. Mhadhiri alisema kabla ya kuiamini F, hakikisha mtawanyiko wa kila kundi unakaribiana. Yaani wote wawe wanapanda na kushuka kwa kiasi kinachofanana. Mimi hicho kipengele nilikuwa nakiruka kila siku, nakiona ni cha kujazia kurasa.

Nikaangalia mtawanyiko wa mmojammoja.

Mzee Athumani, anapanda anashuka. Mama Zuhura, anapanda anashuka. Wengine vivyo hivyo.

Nikafika kwa mama yangu.

Ishirini na tisa. Ishirini na tisa. Ishirini na tisa. Ishirini na tisa na nusu. Ishirini na tisa.

Mvua inyeshe, jua liwake, gulio lije lipite, mama yangu yuko palepale.

Machale yakanicheza.

Wastani wake ulikuwa mzuri tu, sio wa juu sana wala wa chini, ndiyo maana hakuna aliyemtazama. Kwenye grupu watu walikuwa wanamsifia, eti Mama Mwalimu maziwa yake hayayumbi. Na kweli hayayumbi! Lakini wakuu, ng'ombe ni mnyama, sio mashine. Maziwa ya ng'ombe yasiyoyumba yanatoka wapi?

Hapo niliyemshuku ni Rehema. Mama ndiye alikuwa mpokeaji pale kituoni kabla yake, na ndiye aliyemfundisha kazi. Nikajua tu, huyu dada anamwonea haya mwalimu wake, hapimi, anaandika namba ileile kila siku. Nikaapa nitamkamata.

Alhamisi baada ya vipindi nikapanda bodaboda mpaka kwa mama. Nikamwambia nimekuja kumsalimia. Shikamoo mama, marahaba baba, karibu, umekonda. Maneno ya kawaida. Nilipanga asubuhi nimsindikize kituoni, nisimame karibu na Rehema nimwangalie mikono.

Hapa lazima mjue kitu kimoja cha kwetu. Kituo kinapokea asubuhi tu. Maziwa ya jioni yanalala nyumbani, ndoo imewekwa ndani ya beseni la maji baridi. Na baridi ya kule mnaijua. Kufika alfajiri, krimu yote imepanda juu, nene, ya njano. Kawaida unakoroga vizuri, unachanganya na maziwa ya asubuhi, unateremka.

Niliamka kwa sauti ya vyombo. Nikaenda jikoni kumsaidia kubeba. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.

Nikamwona mama amechutama mbele ya ndoo, tochi ya simu imeegemezwa kwenye kinu. Anaengua krimu kwa upawa, taratibu, anaiweka kwenye sufuria. Hakuacha hata utando. Kisha akamimina maziwa ya asubuhi. Kisha akachukua jagi la maji.

Anaongeza maji kidogo. Anatumbukiza laktomita. Anainama mpaka uso unakaribia kugusa kioo, anasoma. Anaongeza kidogo tena. Anasoma.

Laktomita ile ya zamani ya kituo. Alipompisha Rehema walinunua mpya, hii akabaki nayo, na hakuna aliyeiulizia.



Nikaelewa mchezo wote pale mlangoni. Krimu ni nyepesi. Ukiitoa, maziwa yaliyobaki yanakuwa mazito, laktomita inapanda. Ukitia maji, inashuka. Ukiwa mjuzi unazicheza hizo mbili mpaka kipimo kinakaa pale unapopataka, kila siku ya Mungu. Rehema anapima kwa haki kabisa, anaona ishirini na tisa, anaandika. Lakini mafuta yamebaki kwenye sufuria jikoni kwa mama, yanasubiri kuwa samli.

Samli ambayo kila nikishuka mjini ananifungia kopo. Watoto wangu wanaipaka kwenye chapati.

Nikasukuma mlango. Hakushtuka sana. Aliweka jagi chini, akafuta mikono kwenye khanga.

"Mama, hii ni nini?"

Akanijibu kwa Kishambaa kwanza, haraka haraka, kama anavyofanya akiwa na hasira. Halafu akatulia.

"Baba, wao wananunua lita. Krimu hakuna anayeinunua. Krimu ni majani niliyokata mimi kwenye ule mteremko. Na maji niliyotia ni ya kunywa, safi. Kipimo si kinakubali?"

"Na Mama Zuhura je?"

Akaifunika ndoo.

"Mimi sikumtaja Zuhura," akasema. "Ni Athumani ndiye aliyemtaja."

Nilirudi Lushoto Ijumaa ileile, sikwenda kituoni. Mama alinifungia kopo, nikalisahau makusudi juu ya meza.

Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Mama Zuhura alinitumia ujumbe kuuliza kama hesabu zimetoka, nikamjibu naendelea nazo. Nilikuwa najiambia nitasema tu kwamba yeye hana hatia, basi, habari za mwingine sio zangu. Lakini nilijua Mzee Athumani hawezi kukubali kikao kiishe bila mtu. Mnunuzi alikuwa anataka jibu.

Jumapili nikapanda. Wanachama wamejaa kituoni, wengine wamekaa kwenye makopo ya maziwa yaliyogeuzwa. Mama yuko nyuma, amejitanda. Mama Zuhura yuko mbele peke yake, benchi zima hakuna aliyekaa naye.

Nikapewa nafasi. Sikutaja ANOVA, ningefukuzwa. Niliwaambia hivi: kila mmoja afungue simu yake, aangalie vipimo vyake mwenyewe. Kuna ambaye amekaa palepale siku zote?

Hakuna aliyejitokeza. Wakaanza kucheka. Mmoja akasema cha kwake kilishuka siku ya msiba wa shemeji yake, mtoto ndiye aliyekamua. Nikawaambia, sasa angalieni vya Mama Zuhura. Anapanda na kushuka kama nyinyi. Umbali wake na nyinyi ni mdogo kuliko umbali wa kila mmoja wenu na nafsi yake. Kuwa wa mwisho sio wizi, mtu fulani lazima awe wa mwisho.

Mzee Athumani alisikiliza vizuri, na hapa nimtendee haki, maana nilimshuku bure. Akavua kofia, akasema, "Kijana, nimekuelewa. Basi huyu mama nimemwonea. Lakini mafuta yamepungua kweli, gari lile halitudanganyi. Kwa hiyo mwizi hayupo?"



Ningeweza kusema hayupo. Wangeniamini, mimi ndiye msomi.

Nikasema, "Yupo. Mtafuteni asiyepanda wala kushuka."

Vidole vikaanza kutembea kwenye simu. Nikaona mmoja anainua kichwa anatazama nyuma, halafu wa pili, halafu Rehema, ambaye alitia mkono mdomoni. Hakuna aliyetamka jina. Nami sikugeuka, wakuu, sikuwa na uso wa kugeukia.

Sauti ikatoka nyuma.

"Msimtazame mwanangu. Krimu nilitoa mimi, maji nikatia mimi. Ng'ombe wa Zuhura muacheni."

Mama akainuka, akapita katikati yao, akaondoka zake. Hakuna aliyemzuia.

Mama Zuhura kabaki na ng'ombe wake. Mzee Athumani alimwomba radhi mbele ya wote. Mama amesimamishwa kuleta maziwa kwa muda, na laktomita ile ameirudisha kwa mkono wake. Kwa sasa hapokei simu zangu, anaongea na mke wangu tu.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi wote tunakimbilia wastani, nani juu nani chini. Anayedanganya kwa akili anaujua wastani, anauchezea. Mtawanyiko ndio mgumu kuuchezea, maana maisha ya kweli yanayumba. Pia F ikiwa ndogo haisemi kila mtu ni msafi, inasema tu wastani zao hazijaachana. Na ikiwa kubwa haikwambii ni nani wala kwa nini. Hiyo ni kazi ya kwenda kuangalia mwenyewe, na ukienda uwe tayari kwa utakachokikuta.

Sasa nimalizie na kile kilichonifanya niandike.

Juzi Mama Zuhura alinipigia. Nilidhani anashukuru, na kweli alishukuru. Kisha akauliza, kwa upole tu:

"Mwalimu, ulijua lini?"

Nikamwambia Ijumaa asubuhi.

"Na kikao kilikuwa Jumapili."

Nikasema ndiyo.

"Sawa. Mimi hizo siku nilikuwa nashuka bondeni kukata majani, namletea ng'ombe, anakula. Najisemea moyoni, namnenepeshea mtu mwingine. Basi usiku mwema, Mwalimu."

Akakata.

Nimetafuta la kumjibu mpaka leo sijalipata. Wenye jibu semeni, na wenye matusi pia karibuni, leo nitayasoma yote.